Kijana wa kaunta aliponiuliza kama nataka waranti ya miaka mitano

Wadau habari za siku nyingi, nimekaa kimya muda mrefu maana shifti za usiku zilinibana kweli kweli, ila leo nimepumzika na kuna jambo nataka niliandike vizuri kwa sababu katika mwezi huu mmoja nimeulizwa na watu watatu tofauti, wote wa kwetu, wote wanaishi huku Uingereza kama mimi. Jambo lenyewe ni ile waranti ya ziada wanayokuuzia ukinunua TV mpya. Unalipa au hulipi?

Nianze na lililonikuta mwenyewe. Novemba 2021 nilinunua TV inchi 50 kwenye duka moja kubwa hapa Reading, paundi 429, waranti ya kiwanda mwaka mmoja. Nikaulizwa kama nataka kuongeza miaka, nikasema hapana maana hela iliyobaki ilikuwa ya nauli na chakula cha wiki. Ikafanya kazi vizuri tu. Februari 2023, wiki ile tunasubiri mechi ya Simba na Raja, jioni tumekaa na mke wangu na watoto ghafla picha ikaondoka, kioo cheusi lakini sauti inaendelea, mtangazaji wa habari unamsikia vizuri kabisa. Tukazima tukawasha, tukachomoa kwenye soketi tukasubiri, wapi.

Nikapiga simu dukani. Dada aliyepokea akaniuliza tarehe ya kununua, nikamtajia, akasema pole sana kaka waranti yako iliisha miezi mitatu iliyopita na hukununua ile ya ziada, kwa hiyo hatuna la kukusaidia. Nikamshukuru nikakata simu. Yani nilimshukuru! Nikaiweka ile TV kwenye gari la jirani tukaipeleka kituo cha kutupia taka za umeme, halafu nikaenda kununua nyingine ya bei poa.

Ilipita kama mwaka hivi ndo nikakutana na fundi mmoja Mkenya kwenye harusi, tukaongea, nikamhadithia. Akaniuliza, ulimulika tochi kwenye kioo? Nikamwambia sikumulika. Akanieleza kwamba ukiwa na sauti na kioo ni cheusi, zima taa za chumbani, chukua tochi ya simu uimulike TV kwa karibu, ukiona picha kwa mbali kama kivuli basi kioo chako ni kizima, kilichokufa ni taa za nyuma, zile taa ndogo ndogo za LED zilizopangwa kwenye vipande nyuma ya kioo. Moja ikiungua mara nyingi zote zinazima. Hiyo ni kazi ya kufungua, kubadilisha vipande na kufunga, gharama yake haifiki hata karibu na bei ya TV. Kinachoua TV kabisa ni kioo chenyewe kupasuka, maana bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV nzima na hakuna fundi atakayekushauri ukinunue.

Ile ilinichoma, ila kilichonichoma zaidi ni cha pili. Yule dada wa simu aliponiambia hatuna la kukusaidia, haikuwa kweli.

Hapa naomba tuende taratibu maana ndo kiini cha yote. Uingereza kuna Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015. Inasema kitu ulichonunua lazima kiwe na ubora wa kuridhisha, kifae kwa kazi yake, na kiwe kama kilivyoelezwa. Na anayebeba jukumu hilo ni aliyekuuzia, sio kiwanda. Hii haina uhusiano na kile kikaratasi cha waranti ndani ya boksi, waranti ya kiwanda ni ahadi ya kiwanda ya nyongeza juu ya sheria, haipunguzi sheria wala haiifuti ikiisha. Siku 30 za mwanzo kitu kikiwa kibovu unarudisha unapewa hela yako yote. Baada ya hapo duka lina nafasi moja ya kutengeneza au kukubadilishia, ikishindikana ndo unadai upunguziwe bei au urudishe kabisa, ingawa ukishapita miezi 6 wanaweza kukata kiasi kwa muda ulioitumia. Na muda wa kupeleka madai ni mpaka miaka 6 kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, Scotland ni miaka 5.

Miaka 6 haimaanishi kwamba TV ina waranti ya miaka 6, watu wengi wanakosea hapo na wanaenda dukani kugombana bure. Ndani ya miezi 6 ya mwanzo kitu kikiharibika sheria inachukulia kwamba ubovu ulikuwepo tangu siku ya kwanza, duka ndo lithibitishe vinginevyo. Baada ya miezi 6 mzigo unahamia kwako, wewe ndo uonyeshe kwamba ubovu ulitoka nao kiwandani au kwamba kitu cha bei hiyo hakikupaswa kufa mapema hivyo. Kwa hiyo unahitaji karatasi ya fundi anayejitegemea, aandike taa za nyuma zimekufa, hakuna dalili ya maji wala kuangushwa wala kutumiwa vibaya. TV ya paundi 429 kufa baada ya miezi 15, hiyo ni hoja nzito kabisa, na duka likikataa unaweza kupiga simu Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, wakakuelekeza bure, na mwisho kabisa kuna mahakama ya madai madogo ambayo kwa England na Wales inapokea mpaka paundi 10,000.

Mimi muda wangu wa miaka 6 unafika Novemba 2027. Ila TV yenyewe niliitupa kwa mikono yangu, sina cha kumuonyesha fundi. Ndo maana naandika haya.

Sasa turudi kwenye kaunta. Mwezi uliopita ile TV ya bei poa nayo ikaanza mistari, tukaamua tununue ya maana, inchi 55. Nikaenda duka la kwanza, bei paundi 529. Kijana wa kaunta, mdogo tu na adabu zake, akaniambia anko kwa paundi 119 unapata miaka mitano ya amani, au kama hutaki kutoa zote lipa 5.99 kila mwezi hata hutaisikia. Nikamuomba dakika nikatoa simu nikapiga hesabu pale pale. 5.99 mara miezi 60 ni paundi 359 na senti 40. Kwa TV ya 529! Tena miaka mitano inahesabiwa kuanzia siku ya kununua wakati mwaka wa kwanza kiwanda kinanilinda bure, kwa hiyo nalipia minne tu. Tena kwa miaka hiyo minne bei ya TV sokoni inazidi kushuka, ukifika mwaka wa nne TV kama hiyo hiyo unaipata mpya kwa bei ndogo zaidi, na kwenye mikataba mingi wakishindwa kutengeneza wanakupa ya "kiwango sawa" na sio bei uliyolipa.

Wakati natafakari nikakumbuka kitu ambacho nilikisoma baada ya yale ya 2023. Kuna amri ya serikali ya mwaka 2005 inayohusu hizi waranti za ziada za vifaa vya umeme vya nyumbani. Ilikuja baada ya uchunguzi wa tume ya ushindani ya huku, iliyoona maduka yanauza hizi waranti kaunta wakati mtu hana pa kulinganisha. Amri hiyo inawalazimu waonyeshe bei ya waranti pamoja na bei ya kifaa, una haki ya kupewa bei hiyo kwa maandishi uende nayo nyumbani na ofa ibaki wazi siku 30 kwa masharti yale yale. Na ukishanunua waranti ya zaidi ya mwaka mmoja una siku 45 za kubadili mawazo na kurudishiwa hela yako yote kama hujaitumia kudai kitu. Zikipita 45 bado unaweza kuivunja, unarudishiwa sehemu kulingana na muda uliobaki. Kwa hiyo ile presha ya "ni leo tu" mtu asikubane nayo. Nikamwambia dogo niandikie bei nitarudi, akaniandikia bila shida yoyote.

Nyumbani nikaingia onlaini kulinganisha. Hapa ndo watu wetu wengi tunapitwa, tunaangalia bei ya TV peke yake. Yapo maduka ambayo kwa miaka mingi yanatoa gerentii ndefu kwenye TV bila kuilipia, John Lewis wamekuwa wakitoa miaka 5, Richer Sounds wao miaka 6. Hakikisha siku unayonunua na kwa modeli unayonunua maana ofa zinabadilika. TV ile ile ya 529 nikaikuta sehemu kwa 549 na miaka mitano imo ndani. Ishirini tu! Mke wangu akauliza kwa nini yule dogo hakutuambia, nikamwambia yule kazi yake ni kuuza cha pale, ni jukumu letu kuzunguka.

Niseme na hili kwa sababu mke wangu ni mtu wa Tanga na kwao wanalichukulia kwa uzito. Alikuwa na wasiwasi kama waranti ya kulipia ni sawa na bima, na bima masheikh wengi wana maneno nayo, unatoa hela kwa jambo ambalo hujui litatokea au halitatokea. Tukampigia sheikh wa msikitini kwetu, akasema ahadi ya muuzaji iliyo ndani ya bei ya kitu haina tatizo kwake, ile ya kununuliwa peke yake kama bima ndo anaona bora kuiepuka. Wengine watakuwa na rai yao, mimi sina elimu hiyo, ila kwa nyumba yetu lilituongezea sababu ya kuchagua ile ambayo miaka imo ndani ya bei.

Je kuna mtu anayefaa kulipia? Yupo, na sitaki mtu aseme nimewakataza. Dada mmoja wa Leicester, asili yake Mombasa, ana mtoto mwenye usonji ambaye akichanganyikiwa anarusha kilicho karibu. TV mbili zimepasuka vioo. Waranti ya kiwanda haigusi kioo kilichopigwa, sheria ya 2015 nayo haigusi maana sio ubovu wa kiwandani. Yeye alinunua ya ziada yenye kifungu cha ajali, na TV ya pili ilipopasuka alipewa nyingine ndani ya wiki mbili. Kwake ile hela ni halali yake kabisa. Ila hata yeye baadae aligundua kwamba bima ya vitu vya ndani ya nyumba, ukiongeza kipengele cha ajali, inalinda TV na simu na kompyuta na vingine kwa pamoja, ingawa kuna kile kiasi unachojitolea mwenyewe kwanza kila unapodai. Kabla hujalipia waranti ya TV angalia kama bima ya nyumba unayo tayari, unaweza kuwa unalipia jambo moja mara mbili.

Wengine ni wenye TV za OLED, zile ambazo kioo kinajiwakia chenyewe bila taa za nyuma, za bei kubwa, paundi elfu na kuendelea. Hizo zina tatizo la picha kuganda, ile nembo ya chaneli inabaki kama kivuli kwenye kioo, na waranti nyingi za kiwanda zinalitoa hilo nje kwa maandishi. Baadhi ya waranti za ziada zinalichukua na nyingine hazilichukui, kwa hiyo usiulize "inalinda kila kitu?" maana jibu litakuwa ndio kila siku, uliza picha ikiganda mnatengeneza? kisha muombe akuonyeshe mstari ulioandikwa hivyo.

Na wenye saluni, vinyozi, wenye migahawa, tafadhali sana. Hizi waranti karibu zote ni za matumizi ya nyumbani. Ukiitundika TV kwenye saluni inawaka saa 12 kwa siku, siku ikifa na fundi wao akaja akaikuta ukutani mwa biashara, dai limekufa. Rafiki yangu mwenye kinyozi alilipa miaka mitatu kwa TV ya namna hiyo, na kila senti ilikuwa ya bure tangu siku ya kwanza. Hiyo iliniuma kwa sababu alinionyesha mkataba baada ya kukataliwa, na neno lenyewe lilikuwa ukurasa wa pili, wazi kabisa.

Kitu kingine cha kuangalia ukisoma mkataba ni nani anayeahidi. Nyingine ni bima kamili yenye kampuni ya bima nyuma yake, ukidhulumiwa unapeleka malalamiko kwa msuluhishi wa mambo ya fedha, Financial Ombudsman. Nyingine ni mkataba wa huduma tu, ahadi ya kampuni moja, kampuni ikifilisika ahadi nayo inakwenda nayo. Karatasi zinafanana sana. Na ukilipia TV kwa krediti kadi, bei ikiwa zaidi ya paundi 100 mpaka 30,000, kampuni ya kadi nayo inabeba jukumu pamoja na duka, ni kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mlaji ya 1974. Ukilipa deni lote la kadi kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho hakuna riba. Kwa wanaokwepa kadi za mkopo kabisa nawaelewa, basi tunza risiti tu.

Mkipigiwa simu na mtu anayesema waranti ya TV yako imeisha, lipa sasa hivi kwa namba ya kadi, kata simu. Wanawapigia sana wazee, pale ninapofanya kazi nimeshawakuta wazee wawili wanalipia waranti za TV ambazo hawakumbuki hata walizinunua lini.

Walioko nchi nyingine za Ulaya, kwenye Umoja wa Ulaya sheria inakupa angalau miaka 2 kwa muuzaji bila kulipa chochote, na Norway kwa vitu vinavyotarajiwa kudumu kama TV ni miaka 5 ya kulalamika. Kwa hiyo kabla hujaongeza waranti ya "miaka miwili" jiulize unaongeza nini hasa.

Sasa la mama. Mama yuko Tanga, na mwaka huu nilitaka nimtumie TV. Wazo la kwanza ilikuwa ninunue huku niiweke kwenye kontena na mizigo ya watu, maana umeme ni ule ule, volti 230, plagi ni ile ile ya miguu mitatu, na king'amuzi cha ndani cha DVB-T2, yani cha matangazo ya dijitali kwa antena, ni mfumo mmoja na wa nyumbani. Yani kwa ufundi haina shida. Shida ni kwamba waranti ya huku inabaki huku. TV ikifika na mstari kwenye kioo, hakuna fundi wa kampuni atakayetoka Reading kwenda Chumbageni, na kampuni ile ile tawi la Tanzania wana haki ya kukuambia hii hatukuiuza sisi. Haijalishi umelipia miaka mingapi. Nikatuma hela, mdogo wangu akanunua pale pale mjini, akadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kadi ya waranti igongwe muhuri wa duka na iandikwe serial namba, maana kadi isiyo na muhuri ni karatasi tupu. Akaiwasha dukani mbele ya muuzaji kabla ya kuibeba, akaangalia kioo chote kwa picha nyeupe halafu nyeusi. Na badala ya kununua miaka ya ziada tukanunua guard nzuri ya umeme, kwa sababu kinachoua TV za nyumbani ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na hilo waranti nyingi zinalitoa nje. Mama anasema ile guard inachelewa kuwasha kama dakika kadhaa umeme ukirudi, nimemuelewesha kwamba ndo kazi yake, inasubiri umeme utulie.

Risiti ya mama imetumwa wasap, nimeiweka kwenye folda moja na ya kwangu. Wino wa risiti unafutika, mkizipiga picha siku hiyo hiyo hamtajuta.

Nilipoanza kuwahadithia haya kazini, mwenzangu mmoja Mrundi akatulia kimya halafu akaniuliza zile siku 45 zinahesabiwa kuanzia lini. Alikuwa amenunua TV na waranti ya paundi 130 kwa pamoja, akilipa kwa hela aliyokopa kwa dada yake. Tukafungua simu yake tukatafuta imeli ya risiti, tukahesabu siku kwa vidole, ilikuwa siku ya 38. Tukamaliza shifti saa mbili asubuhi, hatukwenda kulala, tukapanda basi mpaka dukani. Mwanzoni waliuliza sababu, akasema nimebadili mawazo na niko ndani ya siku zangu, nikamsogezea simu yenye tarehe. Meneja akaja, akaangalia, akabonyeza. Zote 130 zikarudi kwenye kadi yake, na jioni ile ile akamrudishia dada yake.